Haja Ndogo

Mama Pacha alijua kuna jambo pale baba mkwe wake alipokataa chai kisha akanyamaza. Kukataa chai si ajabu, mtu anaweza kuamka hana hamu. Lakini kunyamaza! Mzee huyo alikuwa dalali wa mnada maisha yake yote. Alisimama juu ya meza akauza vitanda, mbuzi, baiskeli, na siku moja jeneza ambalo mwenyewe alipona, kwa sauti iliyofika mwisho wa soko bila spika. Kwao walimwita Kipaza. Tangu aje kuwatembelea ugenini, alikuwa akinadi kila kitu ndani ya nyumba: uji wa wajukuu, soksi zisizo na wenzake, hata mvua iliyopiga dirishani. "Nani anaichukua hii? Naiondoa jamani, naiondoa!" Wajukuu wakicheka mpaka wanapaliwa.

Asubuhi hiyo wajukuu walikwenda shule bila kunadiwa chochote. Mzee aliingia chooni, akafungua bomba la maji, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, paji la uso lilikuwa limelowa jasho. Alitembea polepole, ameinama kidogo, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa pomoni.

"Baba, umeamkaje?"

"Salama tu, mwanangu. Tumbo linasokota kidogo. Gesi hiyo."

"Nikupe maji ya moto?"

"Usinipe maji!" Akajirudi haraka. "Yaani, baadaye. Sina kiu."

Akageuka, akaingia chooni tena.

Mama Pacha alibaki jikoni ameshika birika. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mtambo wa baharini, mahali ambapo simu hupatikana kwa kubahatisha. Alijaribu mara mbili, haikuita. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja, na lugha ya huko alikuwa nayo ya kazini tu: shuka, moto, haraka, leo, kesho, samahani. Kwa maneno hayo unaweza kunyoosha shuka za hoteli nzima, lakini kwa daktari hayakufikishi mbali.

Akampigia mama mkwe wake, nyumbani.

"Mama, Baba hayuko sawa. Anaingia chooni anatoka, anaingia anatoka. Na maji hataki hata kuyaona."

Kisha mama mkwe akashusha pumzi ndefu. "Anapata haja ndogo?"

"Mama jamani, mimi nitajuaje?"

"Muulize."

"Mimi? Nimuulize Baba?"

"Haya, haya. Mpelekee simu."

Alibisha hodi, akapenyeza simu kwenye uwazi wa mlango huku akiangalia ukutani, akarudi jikoni, akafungulia maji kwenye sinki ili asisikie. Lakini mnong'ono wa dalali ni sawa na mazungumzo ya watu wengine. Maneno yalimfikia moja moja. "Tangu jana jioni… Hata tone… Sasa nimwambie nini mtoto wa watu?"

Simu iliporudi, sauti ya mama mkwe ilikuwa imebadilika. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Jambo hili ni la siku nyingi, alinikataza nisimwambie mtu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akasema nisimletee methali ndani ya nyumba yake. Nenda, mwanangu. Usingoje gesi."

Mama Pacha alitia kwenye mkoba dawa zote alizoziona kwenye kabati, maana alisikia madaktari hupenda kuuliza mtu anameza nini. Alipolifikia boksi moja mkono ukasita. Siku mbili nyuma mzee alishikwa na mafua, naye akaenda dukani kumtafutia dawa. Maandishi ya kwenye boksi hakuyaelewa. Alichagua kwa picha: mwanamume anayepenga kamasi. Mzee akameza, mafua yakakatika, na wote wakaisifu ile dawa. Sasa aliitazama, akahesabu siku. Akaitia mkobani pamoja na nyingine.

Ndani ya teksi mzee alikaa ukingoni mwa kiti, mkono mmoja umeshika mpini wa juu ya mlango. Kila tuta aliuma mdomo. Mama Pacha alitamani kumwambia dereva aende haraka, na pia aende taratibu, na neno alilokuwa nalo ni moja tu. Akasema, "Haraka." Gari likaruka tuta. Mzee akatoa mlio mdogo ambao Mama Pacha hakuwahi kumsikia nao.

Kwenye idara ya dharura kulikuwa na karani nyuma ya kioo, amefunga nywele juu ya utosi na miwani ikining'inia shingoni. Mama Pacha alijaribu maneno yake, yakaisha kabla sentensi haijafika popote. Akatoa simu, akafungua programu ya kutafsiri, akaisogeza mdomoni. Mzee alikuwa amesimama kando yake kabisa. Kwa hiyo alisema kwa adabu, kama anavyosema mtu yeyote aliyelelewa:

"Baba mkwe wangu hajapata haja ndogo tangu jana."

Simu ikasema kitu kwa lugha ya huko. Karani akakunja uso, akauliza swali, simu ikarudisha Kiswahili kwa sauti yake ya kike isiyo na haraka: "Ninaelewa. Mkwe wako ana hitaji dogo. Watu wenye mahitaji madogo wanasubiri upande wa kulia. Asante kwa uvumilivu wako."

"Si hitaji dogo," Mama Pacha akasema. "Ni kubwa!"

Simu ikatafsiri. Karani akatabasamu kwa upole, tabasamu la mtu ambaye kila anayekuja humwambia tatizo lake ni kubwa, akanyoosha kidole upande wa kulia.

Wakakaa kulia. Pembeni yao alikuwepo kijana aliyefunga kidole kwa leso, mama mwenye mtoto aliyejitia shanga puani, na mwanamume aliyelala kabisa na kukoroma. Upande wa kushoto watu waliitwa mmoja baada ya mwingine. Upande wa kulia hakuitwa mtu.

"Baba, unajisikiaje?"

"Vizuri." Lakini macho alikuwa ameyafumba, na mguu mmoja ulikuwa ukipiga sakafu bila kukoma. Midomo ilikuwa imekauka. Mama Pacha alianza kufikiria vitu ambavyo hakutaka kuvifikiria: kibofu kikijaa kinafanya nini? Kinapasuka? Mtu huanguka ghafla, au huondoka kidogo kidogo? Na yeye atamwambia nini mumewe? Kwamba baba yako alifia kwenye foleni ya wenye shanga puani, kwa sababu mkeo hakuwa na neno?

Akanyanyuka, akarudi kwenye kioo. Safari hii alitafuta njia nyingine. "Baba amefunga kabisa," akaiambia simu. "Amefunga tangu jana, hakitoki kitu."

Karani akasikiliza, akaweka mkono kifuani, akasema maneno ya upole. Simu ikatafsiri: "Ninaheshimu mfungo wake. Lakini mgonjwa anaruhusiwa kufungua. Tafadhali mpe maji."

Na kabla Mama Pacha hajapata la kusema, karani akapitisha chini ya kioo glasi ya karatasi iliyojaa maji hadi ukingoni.

Alisimama nayo katikati ya ukumbi. Alitaka kulia, alitaka kucheka. Alipoileta, mzee aliitazama glasi ile kama mtu anayeonyeshwa nyoka, akageuzia uso ukutani.

Hatimaye nesi alitoka, mwanamume mnene mwenye viatu vya mpira, akawaashiria. Akampima mzee joto, akampima presha, akaitazama namba, akaitazama tena. Akauliza jambo. Mama Pacha akaelewa neno moja tu, "tumbo", akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Nesi akaridhika. Akafungua droo, akatoa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, akamkabidhi mzee, akamwonyesha mlango wa choo.

Kipaza alikishika kile kikopo. Akakigeuza, akakitazama chini, akatazama ndani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilitoka nzima.

"Mwanangu, hebu mwambie huyu bwana. Ningekuwa na cha kutia humu, ningekuja hapa kufanya nini?"

Kisha akayumba. Hakuanguka, alishika ukingo wa meza. Lakini rangi ilimtoka usoni, na jasho likaanza kudondoka kidevuni, tone, tone, juu ya sakafu safi ya watu.

Mama Pacha akakichukua kikopo mkononi mwake. Hata baadaye hakujua aliwaza nini, au kama aliwaza chochote. Alikipindua mbele ya uso wa nesi, akakitikisa, hakuna kitu. Akakandamiza tumbo lake mwenyewe chini ya kitovu, akafanya mikono kama mtu aliyeshika mpira unaokaribia kupasuka. Akaleta simu mdomoni, na mbele ya baba mkwe wake, mbele ya mlango uliokuwa wazi na ukumbi mzima nyuma yake, akasema kwa sauti kubwa:

"Mkojo! Mkojo hautoki! Tangu jana, mkojo hautoki!"

Simu ikarudia kwa lugha ya huko, kwa sauti ya juu kabisa, maana kwenye teksi alikuwa ameipandisha ili amsikie mama mkwe wake. Ukumbini mwenye kukoroma akaamka. Nesi alikuwa tayari amekwisha kuvuta kiti cha magurudumu.

Mama Pacha hakumtazama mzee. Mzee naye hakumtazama yeye. Waliingizwa upande wa kushoto, wote wawili wakiangalia mbele.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele fupi, mikono yake midogo. Alimlaza mzee, akamgusa tumbo, na uso wake ukawa wa kazi. Akaita mtu, akaagiza vitu. Akamtajia Mama Pacha mkalimani. Neno hilo alilifahamu, na pia lililofuata: kesho. Basi daktari akaichukua simu ya Mama Pacha, akasema ndani yake taratibu. Simu ikatangaza:

"Bwana, tutaingiza bomba ndani ya mwanachama wako."

Mzee akafumbua macho. "Bomba?"

Daktari akaongeza. "Bomba ni jembamba. Litapita katika mwanachama hadi kwenye mfuko."

"Mwanachama gani?" Kipaza akajaribu kuinuka kwa viwiko. "Mimi sina chama! Mfuko gani? Waambie sikuja hapa kuchangia kitu! Na bomba wakaweke kwenye nyumba zao!" Nesi alipomkaribia na trei yenye vitu vya kumetameta, akamsukuma mkono. "Hanigusi mtu! Mwanangu, twende nyumbani!"

Daktari akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Mama Pacha, akasema kitu kifupi, na Mama Pacha hakuhitaji simu. Bila mzee kukubali, hawawezi. Na wakati hawana.

Alikuwa ameelewa. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni, lakini alikuwa ameelewa mwanachama ni nani, na mfuko ni upi, na bomba ni mpira gani. "Mkojo" alikuwa amelisema. Hili lingine hapana. Ulimi uligoma kabisa. Alimwona mzee akijikunja upande, akikamata chuma cha kitanda.

Akampigia mama mkwe.

"Mama, sikiliza. Wanataka kumwekea mpira wa kutolea mkojo. Hajaelewa, amekasirika. Wanapitishia… wanapitishia pale. Mama, mimi siwezi kumwambia."

"Weka sauti juu, kisha toka nje ya pazia."

Akaweka simu juu ya mto, karibu na sikio la mzee, akatoka, akavuta pazia nyuma yake, akasimama akitazama tangazo la kunawa mikono. Sauti ya mama mkwe ilijaza kile chumba.

"Wewe Kipaza! Unanisikia? Nyamaza. Nimesema nyamaza, kwa mara ya kwanza tangu unioe. Watakuingizia kimpira chembamba kwenye uume wako, kifike kwenye kibofu, mkojo utoke. Hakuna chama, hakuna mchango. Kitauma kidogo. Mimi nimezaa watoto sita, usinielezee habari ya kuuma."

"Mama watoto, daktari mwenyewe ni kabinti kadogo…"

"Kadogo au kakubwa, kamesoma. Wewe ulitaka waje wazee wenzako wakufanyie kwa nyundo? Sema ndiyo."

Chuma cha kitanda kikalia.

"Sema ndiyo, baba watoto." Sasa sauti ilikuwa imeshuka, na ilitetemeka. "Usiniachie nyumba peke yangu kwa ajili ya aibu."

Mzee alisema "ndiyo" kwa Kiswahili, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Mama Pacha akasikia glavu zikivaliwa, trei ikisogezwa, daktari akisema maneno ya kubembeleza. Akasikia mzee akivuta pumzi na kuizuia. Akashika pazia kwa vidole viwili na kuhesabu maua yaliyochapwa juu yake, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alisikia mlio mkali mmoja. Kisha hakusikia kitu, na hapo ndipo hofu ilipomshika kikweli, mpaka kiganja kikaganda kwenye kitambaa.

Halafu mzee akaguna, mguno mrefu, wa chini, kama mtu aliyetua mzigo aliosafiri nao wiki nzima.

"Unatoka?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye mto.

"Unatoka," alisema Kipaza. "Ee Mungu wangu. Unatoka, mke wangu, unatoka."

Nesi alipofungua pazia, mfuko uliokuwa umening'inia ubavuni mwa kitanda ulikuwa unajaa, na rangi ilikuwa inarudi mashavuni mwa mzee. Mama Pacha akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokipata. Alidhani kazi imekwisha.

Lakini haikuwa imekwisha. Daktari alikuja na swali, simu ikalileta likiwa zima safari hii: "Ametumia dawa gani siku hizi?" Mama Pacha akamwaga mkoba juu ya meza ndogo. Daktari akazipitia moja moja, ya presha, ya maumivu, akaziweka kando. Akaishika ile yenye mwanamume anayepenga kamasi. Akasoma nyuma ya boksi. Akatikisa kichwa polepole.

"Dawa hii," simu ikasema, "inaweza kufunga njia kwa wanaume wenye umri mkubwa."

Daktari alisema kwa upole, na simu ilisema bila hukumu, kwa sauti ileile iliyompa mzee mwanachama. Hata hivyo Mama Pacha alihisi kama amepigwa. Akamgeukia mzee.

"Baba, ni mimi. Ile dawa ya mafua. Sikuweza kuisoma. Nilichagua picha."

Mzee alitazama dari. "Mwanangu, mlango huu unakwama miaka. Usiku naamka, nasimama, nangoja, narudi kulala, naamka tena. Nilijua. Mkeo naye akijua, unamziba mdomo. Wewe umeusukuma siku moja tu." Kisha akaongeza, bado anatazama dari, "Na lile neno ulilolisema pale nje…"

"Nisamehe, Baba."

"Ulilisema vizuri. Hata mimi sokoni nisingelinadi zaidi ya vile."

Walimchukua damu. Tezi dume imevimba, daktari akaeleza, na wanahitaji kujua imevimba kwa sababu gani. Alipofika hapo simu ilitumia maneno "uvimbe mzuri au mbaya", na safari hii haikuwa imekosea. Walirudi nyumbani mzee akiwa na mpira na mfuko uliofungwa pajani chini ya suruali, na miadi ya juma lililofuata, ambapo mkalimani angekuwepo.

Lilikuwa juma refu. Mzee alicheza na wajukuu kwa kukaa tu. Mama Pacha alipiga pasi na kuunguza foronya mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mumewe alipopatikana kwenye simu, kwa sauti inayokatika, alimwambia baba yake alikuwa mgonjwa na anaendelea vizuri. Neno "uvimbe" alilibakiza mdomoni. Usiku alisikiliza chumba cha mzee, na kila kikiwa kimya alitaka kwenda kubisha, na kila akikohoa alishukuru.

Siku ya miadi mkalimani alikuwepo kweli: mwanamume wa makamo, koti lake limelowa mvua, akasema "Shikamoo mzee" kabla hata hajakaa. Mzee akaitikia "Marahaba" na macho yakamjaa machozi, akasingizia baridi.

Daktari yule yule mwenye nywele fupi akafungua majibu. Mama Pacha alimtazama mdomo wake badala ya kumtazama mkalimani, kana kwamba akikazana angeelewa mapema zaidi.

"Anasema," mkalimani akasema, "ni uvimbe wa umri. Si saratani. Anarudia ili msikie vizuri: si saratani. Kuna dawa ya kumeza kila siku, na mpira watajaribu kuutoa leo. Ile dawa ya mafua asiiguse tena."

Mama Pacha alijifunika uso kwa viganja. Mzee akampigapiga begani mara mbili.

"Anauliza pia," mkalimani akaendelea, "kama mzee ana tatizo jingine lolote ambalo angependa kulieleza."

Kipaza akanyoosha mgongo. Akavuta kiti mbele, mbali kidogo na ukuta, akakohoa kusafisha koo, na ile sauti ikarudi, yote.

"Mwambie daktari ndiyo. Tuanzie na sikio hili la kushoto. Miaka minane sasa linavuma kama mashine ya kusaga. Halafu kuna goti. Halafu kuna kitu hapa mgongoni, sijui ni kipele sijui ni nini, mke wangu anakijua. Una nafasi, binti? Kaa, kaa uandike."

Mkalimani akacheka, akaanza kutafsiri. Daktari akavuta kiti chake. Mama Pacha alivua koti, akaliweka magotini, akatoa simu kumwarifu msimamizi wake hotelini kwamba leo atachelewa.